Ngoe, Daftari na Kalamu: Nani Ahukumuye Jukwaa?

Mwezi wa Aprili 2025, huko Nakuru, wasichana wa shule ya upili ya Butere walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Mchezo waliokuja kuuonyesha katika tamasha la drama la shule, uitwao Echoes of War, haukuchezwa. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamuru wapewe nafasi, na huko nje polisi walikuwa wakirusha mabomu ya machozi. Maneno mengi yamesemwa tangu siku ile, barazani na magazetini. Wako waliosema watoto walitumiwa na wanasiasa, na wako waliosema serikali imeingiwa na hofu ya kivuli chake. Hayo sitayarudia. Kuna jambo moja ambalo naona limepitwa mbio mbio, nalo ni hili: nani hasa mwenye haki ya kuhukumu kilicho jukwaani? Ahukumu kwa mizani gani? Na yule anayehukumiwa, je, huambiwa kosa lake?

Ndugu msomaji, swali hilo halikuzaliwa Nakuru. Wala halikuzaliwa Kamiriithu mwaka 1977, wakati leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda ilipofutwa na mmoja wa waandishi wake akatiwa kizuizini kabla mwaka haujesha. Leo nataka nikuchukue mbali zaidi, hadi Marekani ya zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa sababu moja tu. Wakubwa wa huko walioyahukumu majukwaa waliandika. Kila wiki waliandika, kwa miaka kama 20, na karatasi zao zipo hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa. Wakubwa wengi duniani hukata kwa mdomo, wakakwambia kesho hawakusema. Hawa tunao kwa mwandiko wao wenyewe.

Tumbuizo lao waliliita vodevili. Halikuwa mchezo mmoja wenye kisa kimoja. Yalikuwa ni mambo manane au tisa yasiyohusiana, yakifuatana usiku mmoja: mara mtu wa sarakasi, mara mwimbaji, mara mbwa waliofunzwa kutembea kwa miguu miwili, mara mcheza viinimacho, mara wachekeshaji wawili wanaogombana, mara kipande cha mchezo wa kuigiza. Kila jambo lilichukua dakika 10 hadi 20, basi. Kabla ya hapo tumbuizo la namna hiyo lilikuwa la vilabuni, kwenye ulevi na wanawake wa kuuza, na mtu mwenye heshima zake hakuthubutu kumpeleka mkewe. Mwaka 1881 mtu mmoja wa New York, Tony Pastor, alifungua ukumbi wake akatangaza kwamba kwake hapana uchafu. Akafuatwa na mwingine wa Boston, Benjamin Franklin Keith, na huyu ndiye tunayemtaka.

Keith alianza mwaka 1883 na duka dogo la kuonyesha maajabu, na ajabu lake la kwanza lilikuwa kitoto njiti. Watu walilipa senti zao kukitazama. Ilipofika 1885 alikuwa na ukumbi ambamo tumbuizo liliendelea kutwa bila kukatika, ukiingia saa yoyote utakuta kitu. Mwaka huo huo akapata mshirika, Edward Albee, mtu aliyetoka kwenye sarakasi na aliyejua kuhesabu. Mwaka 1894 wakafungua Boston jumba la fahari, zulia chini na marumaru ukutani, watumishi wamevaa sare. Watazamaji wenyewe walifundishwa adabu humo: msipige miguu chini, msipige miluzi, vueni kofia. Bibi Keith alikuwa Mkatoliki mshika dini sana, na wengi wamesema yeye ndiye aliyesimamia usafi wa maneno. Wasanii walikuta matangazo nyuma ya jukwaa yakiwaonya wasitamke neno fulani wala fulani, na mengine katika hayo ni maneno ambayo leo bibi yako angeyasema akijikwaa na mtungi. Kwa mzaha wakaziita kumbi zile njia ya madrasa ya Jumapili.

Sasa tazama kazi ya hukumu ilivyofanywa. Jumatatu alasiri ndiyo siku ya wasanii wapya wa wiki. Meneja wa ukumbi aliketi katikati ya watu, akatazama jambo la kwanza mpaka la mwisho, kisha akaandika ripoti. Jina la msanii. Dakika alizochukua. Sehemu ya jukwaa aliyoitumia, mbele ya pazia la kwanza au jukwaa zima. Watu walicheka wapi, walipiga makofi kiasi gani, walinyamaza wapi. Lipi limekatwa. Meneja wa Providence, Charles Lovenberg, ni mmoja wa walioacha ripoti nyingi, na ukisoma habari zake unaona ni mtu aliyeijua kazi yake. Ripoti zilipelekwa makao makuu na kwa mameneja wa miji mingine. Basi msanii akishuka kwenye gari la moshi katika mji wa pili, hukumu yake imekwisha kufika mbele yake. Yeye mwenyewe hakuisoma. Aliona matokeo tu: jina limeshushwa katika orodha, wiki zimepungua, au amepewa bahasha yenye amri ya kukata mzaha fulani kabla ya onyesho la usiku. Inasimuliwa kuwa bahasha hizo zilikuwa za rangi ya samawati, na kwamba ndiyo sababu Waingereza na Wamarekani huupa mzaha mchafu jina la rangi hiyo.

Orodha yenyewe ilikuwa hukumu. George Gottlieb, aliyekuwa akipanga wasanii wa ukumbi wa Palace wa New York, alieleza mpango wake katika kitabu cha Brett Page kilichotoka mwaka 1915. Jambo la kwanza liwe la kimya, kama sarakasi au wanyama, maana watu bado wanaingia na kutafuta viti, na maneno yatapotea. La pili liwe la wimbo. Kisha mambo yapande mpaka mapumziko, yapande tena, na nyota mkubwa apewe nafasi ya kabla ya mwisho. La mwisho liwe la kutazamwa kwa macho, kwa kuwa wengine wameshavaa makoti yao. Nimepata kukalishwa kiti cha uamuzi katika mashindano ya mashairi, zaidi ya mara moja, na nakwambia haya ni kweli tupu. Mshairi wa kwanza husikilizwa na masikio yasiyokwisha kutulia, na wa kumi na nne husikilizwa na masikio yaliyochoka. Mpanga orodha ameshahukumu nusu kabla mwamuzi hajashika kalamu.

Na katika wale wa kwanza na wa mwisho, waliopewa viti vinavyolia na makoti yanayovaliwa, walikuwamo Waislamu. Tangu zamani watu wa Sus, kusini mwa Morocco, wana mafundi wa sarakasi wanaojinasibisha na zawiya ya Sidi Ahmad u Musa, walii wa karne ya 16. Hupanda juu ya mabega ya mmoja mwenye nguvu mpaka wakawa kama mnara wa watu, kisha huanguka kwa kupindukia hewani, mmoja baada ya mwingine. Katika karne ya 19 makundi yao yalianza kuzunguka Ulaya na Marekani, na bwana mmoja wa Kimorocco, Hassan Ben Ali, akajulikana sana huko kwa kuwaleta. Matangazo yaliwaita Waarabu wa jangwani, ingawa wengi wao ni watu wa milimani wasemao Kiberiberi. Mtu anayebeba wenzake kumi shingoni anafanya kazi ya hatari kushinda mwimbaji yeyote, lakini mizani ya orodha haikupima hatari. Ilipima kama kelele za viti zitamdhuru.

Mimi si katika wale wanaodhani kwamba sanaa haina mpaka. Mzee aliyepeleka watoto wake ukumbini ana haki ya kutoona aibu mbele yao, na Keith alipoyafungia milango matusi alifanya jambo ambalo akina mama wengi wa Boston walimshukuru. Walakini yafaa tuangalie usafi ule ulifagia nini na ulibakisha nini. Neno dogo la kuapiza lilikatwa siku ile ile ya Jumatatu. Lakini mchekeshaji aliyejipaka masizi usoni akaigiza mtu mweusi kuwa mwizi wa kuku na mjinga asiyejua kuhesabu vidole, huyo alipita. Myahudi wa pua ndefu alipita. Mjerumani mlevi alipita. Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas mwaka 1874, mchekeshaji ambaye hata mahasimu wake walimkubali kuwa hana mfano, alilazimika kujipaka weusi juu ya weusi wake ili watazamaji weupe wamtambue kuwa ni mtu mweusi. Katika kumbi nyingi ndugu zake waliokuja kumtazama walikalishwa juu kabisa, mbali. Katika mizani ya meneja huo haukuwa uchafu, kwa kuwa haukumfukuza mteja aliyelipa kiti cha chini.

Na hapo ndipo nilipoielewa mizani yenyewe. Iliyapima mauzo, na adabu ilipimwa humo kwa kadiri iliyoleta mama na watoto wake dirishani kununua tiketi. Waayalandi walilielewa hilo mapema. Mwaka 1907 ndugu wawili walioitwa Russell, waliokuwa wakivaa nguo za kike na kuwaigiza watumishi wa Kiayalandi kwa dhihaka, walizomewa katika kumbi za New York na watu wa vyama vya Kiayalandi waliokuja kwa makusudi. Miaka mingi mzaha ule ulikuwa umehesabiwa kuwa safi. Ulichafuka ghafula siku walipotokea watu wenye sauti, na wenye pesa za tiketi, wakasema hatutaki.

Hukumu ya watazamaji nayo ilikuwa na chombo chake. Katika ukumbi wa Miner, mtaa wa Bowery, New York, kulikuwa na usiku wa wanafunzi wa sanaa, yaani mtu yeyote ajaribu. Wasemavyo ni kwamba mwaka 1903 mtu mmoja aliyekuwa akiimba vibaya alikataa kushuka, na ndipo msimamizi akachukua fimbo ndefu yenye kichwa cha ngoe, mfano wa ile tunayoangulia maembe, akamkamata nayo na kumvuta pembeni. Watu wakafurahi mno. Tangu hapo wakawa wanakuja wakiidai ngoe kwa jina, na wengine, nina hakika, walikuja kwa ajili ya ngoe kuliko kwa ajili ya wimbo. Hata hivyo katika ukatili ule walipenya watu. Eddie Cantor, kijana yatima wa mitaa ya kimaskini, alisimama hapo mwaka 1908, akashinda, akapata dola 5. Hakuwa na mjomba katika ofisi ya mtu.

Lakini hata hukumu ya umma ina mwenye nyumba wake. Mwaka 1934, zama za vodevili zikiwa zimekwisha, ukumbi wa Apollo katika mtaa wa weusi wa Harlem uliendelea na desturi hii ya usiku wa wajaribuji. Novemba 21 alipanda msichana wa miaka 17 aliyekusudia kucheza dansi. Alipoona waliomtangulia ni wachezaji hodari mno, akabadilisha nia akaimba. Jina lake Ella Fitzgerald. Ukumbi mzima ulimpa ushindi, na dola 25 alizipata. Zawadi ilikuwa pia na wiki nzima ya kazi, na hiyo, kama inavyosimuliwa, hakupewa, kwa kuwa nguo zake zilikuwa kuukuu na nywele hazikutengenezwa. Watazamaji walihukumu sauti, na mwenye ukumbi akahukumu kanzu.

Kuna tena hukumu ya kalamu, nayo yanihusu zaidi kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Akina dada Cherry walitoka shamba huko Iowa na tumbuizo ambalo kila aliyeliona alisema hajapata kuona baya kama lile. Mwaka 1896 Oscar Hammerstein, akiwa na ukumbi mkubwa New York na madeni makubwa zaidi, aliwaita kwa makusudi. Alikuwa amejaribu wazuri na hawakumlipa, basi akawajaribu wabaya. Watu walijaa, wengine na mboga mikononi za kuwatupia. Ubaya ukawa biashara. Msomaji mwenye simu mfukoni hahitaji nimfasirie hilo, maana kila juma hutumiwa video ya mtu anayejiaibisha, akamtumia mwenzake.

Mwaka 1898 mhariri wa gazeti dogo la Odebolt aliwaandika akina dada wale. Aliandika habari za miili yao na umri wao na sura zao, maneno makali kupita kiasi, na gazeti la Des Moines Leader likayachapa upya. Addie Cherry akaenda kortini kudai fidia. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kwamba anayejionyesha mbele ya umma kwa malipo amekubali kuhukumiwa na umma, na mwandishi yu huru kumkosoa hata kwa kejeli, maadamu haikuthibitika kwamba aliandika kwa chuki ya nafsi. Hukumu hiyo hutajwa na wanasheria hadi leo. Naiunga mkono, maana bila ya hiyo hakuna mwandishi wa sanaa atakayelala usingizi. Lakini yule mhariri wa Odebolt, kama angeandika kwetu, nisingempa nafasi. Muyaka bin Haji na washairi wa Lamu walipigana kwa tungo wakati miji yao inapigana kwa panga, na ukali wao unajulikana, lakini mshairi aliyepigwa alipata kujibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Dada Cherry alichapwa na gazeti, na hakuwa na gazeti.

Mwandishi mwingine wa wakati ule, Sime Silverman, alifukuzwa kazi na gazeti lake kwa kumkosoa msanii aliyekuwa amelipia tangazo humo. Desemba 1905 akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Variety. Keith na Albee walilichukia, wakawazuia wasanii wao wasiweke matangazo humo. Bado likaishi kuliko wao wote.

Wasanii walijaribu kujitetea. Mwaka 1900 waliunda chama kilichoitwa Panya Weupe, nacho, kwa jina na kwa tendo, hapo mwanzo kiliwapokea wanaume weupe tu. Waligoma mwaka 1901. Mwaka 1906 Albee na wenzake wakaanzisha ofisi moja ya kuwapangia wasanii kazi, ikatoza asilimia 5 ya ujira wa kila mmoja, na asiyepitia hapo hakupata ukumbi mkubwa. Jina likiingia katika orodha ya waliokatazwa, limeingia. Chama kiligoma tena 1916 na 1917, kikavunjika, na Albee akalinunua jengo lao akaliweka humo chama kingine alichokiunda yeye. Serikali ikachunguza kama huo si uhodhi, na mwaka 1920 mashtaka yakatupwa. Nataja haya kwa sababu mtu anayesoma ripoti za mameneja peke yake atawaona kuwa watu wenye haki: hapa wamesifu, pale wamekosoa, kila kitu kwa dakika na makofi. Ni kweli wengi walikuwa na haki katika jambo dogo. Jambo kubwa halikuandikwa Jumatatu. Msanii hakuweza kumwambia meneja wa Providence kwamba siku ile alikuwa na homa, au kwamba mpiga kinanda alikosea. Chuoni kwetu mwalimu alikuwa na mkwaju, na aliutumia, lakini alikwambia herufi uliyoikosea na akakurudisha mwanzo wa aya.

Palace, jumba la fahari kuliko yote, lilifunguliwa Machi 1913. Mwaka uliofuata Keith akafa. Mwaka 1928 kampuni yao ikamezwa na watu wa sinema na redio, Albee akasukumwa nje, naye akafa 1930. Mwaka 1932 Palace ikageuzwa kuwa ukumbi wa sinema.

Narudi kwa wale wa Butere. Katika tamasha la shule waamuzi husimama mbele ya watu wakaeleza walichokipenda na walichokichukia, na watoto husikia kwa masikio yao. Hiyo ni desturi njema, na ni zaidi ya walichopata wasanii wa Keith. Lakini aliyeizuia Echoes of War isionekane kama mchezo mwingine hakusimama mbele ya mtu. Wasichana hawakuambiwa mstari gani umekosea, wala tendo gani. Korti iliwasikiliza ikawapa ruhusa, na ruhusa ile ikapotelea kati ya mlango wa korti na ngazi za jukwaa. Huko kwenye simu nako, ambako vijana wetu wengi wa Kisauni na Likoni hutafuta jukwaa siku hizi, aliyewashusha katika orodha ni mashine ya kampuni ya ng'ambo. Kijana huona watazamaji wamepungua kutoka elfu hadi thelathini, kama msanii wa vodevili aliyeona jina lake limehamishwa hadi nafasi ya kwanza, mahali pa mbwa na sarakasi. Daftari la Lovenberg leo waweza kwenda Iowa ukalifungua na kulisoma. La mashine lina kufuli, na Wizara ya Elimu hadi sasa haijachapisha lake.